Jua la Ghorofa ya Pili

Asubuhi ile Burulcha alikuta ukuta wa korido umepigwa lipu ya uji wa semolina. Kazi yenyewe ilikuwa safi. Kutoka mlango wa choo hadi kwenye swichi ya taa, kwa kimo cha mikono ya mwanamke mfupi, uji ulikuwa umesambazwa na kulainishwa bila tuta hata moja, kisha ukaganda. Sufuria lilikuwa sakafuni, tupu. Mama mkwe wake, Zuurakan, mwenye miaka sabini na minane, aliyepiga lipu nusu ya majengo ya kusini mwa jiji la Bishkek enzi za ujana wake, alikuwa amelala juu ya viatu karibu na mlango, anakoroma, uji umemjaa hadi kwenye viwiko.

"Melis!" Burulcha aliita. "Njoo uone mama yako alivyokupambia nyumba."

Mumewe alitoka chumbani na soksi moja mguuni. Alitazama ukuta, akamtazama mama yake, akajikuna kidevu.

"Si ungemzuia."

"Saa saba niliamka. Saa nane na nusu niliamka. Saa tisa ilikuwa zamu yako. Ulikuwa wapi saa tisa?"

"Nilipitiwa kidogo tu."

"Ulikoroma! Nyumba hii wanakoroma wote isipokuwa mimi."

Walimwinua, mmoja huku na mwingine kule. Zuurakan alifumbua jicho moja, akamwambia Burulcha, "Msimamizi, chokaa imeisha, usinikate mshahara," kisha akalala tena akiwa wima. Walimwosha mikono kwa maji ya vuguvugu, wakamlaza. Angelala hadi saa tisa alasiri. Halafu angeamka, angekaa jikoni akisinzia, na watu wote wakishalala ndipo yeye angeanza kazi.

Mambo yalikuwa hivyo tangu Oktoba. Jengo jipya la mbele, lililokuwa linajengwa hatua ishirini tu kutoka kwao, lilifika ghorofa ya sita mwezi huo, na jua likaacha kuingia kwenye dirisha la jikoni, mahali ambapo Zuurakan, au Apa, yaani mama, kama walivyomwita wote nyumbani, alikuwa akikaa kila siku kuanzia chai ya asubuhi hadi chakula cha mchana. Tangu siku hiyo taa ya jikoni iliwaka kutwa. Hakuna aliyeunganisha mambo hayo mawili. Walisema ugonjwa wa kusahau umezidi, wakaongeza matone ya usingizi waliyopewa na daktari wa kwanza, na kwa matone hayo Apa alianguka bafuni akapasuka nyusi.

Burulcha alikwangua uji ukutani kwa kisu cha mkate. Alikuwa na miaka arobaini na minne, mkata vitambaa kwenye karakana ya ushonaji. Wiki iliyopita alikata mikono arobaini ya koti, yote ya kushoto.

*

Daktari Begimai alikuwa kijana mno, Melis akamdharau kabla hajafungua kinywa. Lakini alikuwa wa kwanza kuuliza kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiuliza.

"Mchana mama anakaa wapi?"

"Jikoni, dirishani," Burulcha akajibu.

"Dirisha linatazama wapi?"

"Linatazama zege."

Daktari aliacha kuandika. Aliuliza tangu lini, Burulcha akamwambia. Akauliza usingizi uliharibika lini, Burulcha akamwambia, na alipotaja mwezi ule ule kwa mara ya pili ndipo alipoyasikia maneno yake mwenyewe.

"Sikilizeni," daktari alisema. "Ubongo una saa yake. Kwa mgonjwa kama mama, saa hiyo imelegea. Kinachoikaza ni mwanga mkali wa asubuhi, machoni, kwa muda wa saa moja au mbili, kila siku. Matone haya tunayaacha polepole, nitawaandikia namna. Badala yake nawapa melatonini. Ni kile kile ambacho mwili hutengeneza giza likiingia, ili kujua kwamba usiku umefika. Kidonge kimoja, jioni, saa ile ile kila siku."

"Basi tupe kidonge, dada, twende," Melis alisema.

"Siyo kidonge peke yake, kaka. Kuna wazee wakipewa kidonge bila mwanga wanakuwa wanyonge, wananuna, wanajitenga na watu. Nataka viende pamoja. Mwanga ndiyo dawa kubwa. Kidonge ni msaidizi wake."

"Tumekaa foleni kwa muda wa saa tatu kuja kuambiwa tuote jua?"

"Jua ni bure," daktari alisema, akijaribu kutabasamu.

Burulcha alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha, hata mgonjwa aliyekuwa anachungulia mlangoni akarudisha kichwa.

"Lilikuwa bure," alisema.

Daktari akainamisha macho. Alieleza kwamba zipo taa maalumu, za kuwekwa mezani mbele ya mgonjwa, akataja bei, na alipoitaja aliitaja haraka kama mtu anayepita mahali penye harufu. Ilikuwa zaidi ya pensheni ya Apa ya miezi miwili.

"Taa tutaona," Melis alisema wakishuka ngazi. "Tuanze na kidonge."

"Hukumsikia?"

"Nimemsikia. Ninavaa kofia ya fundi bomba, Burulcha, siyo taji."

*

Wakaanza na kidonge. Kwa siku nne Apa alilala mapema, na nyumba nzima ikalala kama watu waliotoka vitani. Siku ya tano akaanza kununa. Alikataa mkate na malai ya maziwa, kitu alichokipenda kuliko vyote. Alikaa amegeukia ukuta. Burulcha alipomvika soksi, akampiga mkono kwa kijiko.

"Mwizi," alimwambia. "Rudisha."

"Nirudishe nini, Apa?"

"Unakijua."

Asubuhi iliyofuata Burulcha alimvika mama mkwe makoti mawili, akamfunga shali ya sufu hadi puani, akamtoa nje kutafuta jua. Uani hapakuwa nalo. Kivuli cha jengo kilikuwa kimetanda kutoka kwenye mapipa ya taka hadi kwenye bembea za watoto, na theluji ndani yake ilikuwa ya buluu. Walivuka kivuli kizima hatua kwa hatua, Apa akiteleza na kutukana, wakazunguka uzio wa mabati wenye matangazo ya kampuni. Matangazo yalionyesha familia inakunywa chai kwenye roshani, na maneno makubwa ya rangi ya dhahabu: JUA KATIKA KILA CHUMBA.

Upande wa pili jua lilikuwepo lote. Lilikuwa limemwagika barabarani na juu ya ofisi ya mauzo ya kampuni, kibanda kirefu cha kioo, chenye viti vya ngozi na kipasha joto, kilichotazama mashariki na kusini. Apa alisimama. Aliinua uso. Burulcha aliona makunyanzi ya kinywa chake yanalegea.

Alisukuma mlango wa kioo.

"Karibuni!" msichana wa mezani alisema, akainuka. Aliitwa Aidai, alikuwa na kucha ndefu na sauti ya mtu aliyefundishwa kuchangamka. "Mnatafuta vyumba viwili au vitatu?"

"Bado tunafikiria," Burulcha alisema. "Tunaweza kukaa?"

Walikaa. Aidai akaleta chai, akaleta vitabu vya picha. Apa alifungua macho juani kama mtoto aliyetoka kuoga. Baada ya nusu saa alipapasa ukuta wa nyuma yake, upande usio wa kioo, akaupima kwa kiganja.

"Lipu hii kapiga mlevi," alitangaza. "Na mlevi mwenyewe alikuwa na haraka."

Aidai alicheka, cheko lake halisi, lisilofundishwa.

Wakarudi kesho yake, na kesho kutwa. Burulcha alibadilishana zamu karakanani, akawa anaingia mchana na kutoka usiku. Siku ya nne Aidai alijua kabisa kwamba hawa si wanunuzi, maana aliwaona kutoka dirisha la nyuma wakitokea jengo la zamani. Hakusema kitu. Aliendelea kuleta chai, ila akaacha kuleta vitabu vya picha.

Mwisho wa wiki ya pili Apa alilala saa nne usiku akaamka saa kumi na moja alfajiri. Burulcha aliamka kabla yake, kwa mazoea, akakaa ukingoni mwa kitanda akisikiliza kimya. Alishindwa kuamini, akaenda kumshika pua aone kama anapumua. Apa alimfukuza mkono wake. Asubuhi hiyo alikula mkate na malai, akamwita Burulcha kwa jina lake, akamuuliza mbona amekonda hivyo.

*

Bwana Ernis, meneja wa kampuni, aliingia siku ya Jumatatu akikung'uta theluji viatuni. Alikuwa na wateja wawili nyuma yake, mume na mke wenye makoti ya manyoya. Apa alikuwa amevua viatu. Miguu yake, yenye soksi za rangi mbili, ilikuwa juu ya meza ndogo, juani.

"Hawa ni nani?" aliuliza, akitabasamu kwa ajili ya wateja.

"Wanasubiri," Aidai alisema.

"Wanasubiri nini?"

"Jua likiondoka tunaondoka," Burulcha alisema. "Mama ni mgonjwa. Daktari kasema anahitaji mwanga wa asubuhi. Kwetu hakuna mwanga. Mmejenga mbele yetu."

Mwanamke mwenye koti la manyoya alimtazama Apa, kisha akahamisha mkoba wake upande wa pili. Bwana Ernis akaona. Tabasamu likabaki mdomoni lakini likatoweka machoni.

"Dada yangu, hapa ni ofisi, siyo wodi. Mvike viatu mzee."

"Mvike wewe. Wewe ndiye uliyemvua jua."

"Mnakaa jengo la nyuma? Fleti namba ngapi?"

"Kumi na nne."

Bwana Ernis alikwenda kwenye kabati, akatoa faili nene, akapekua kwa kidole kilicholoweshwa mate. Alikuwa mtu wa kupenda kushinda mbele za watu. Akaleta karatasi, akaiweka juu ya meza, kando ya miguu ya Apa.

"Namba kumi na nne. Karatasi ya ridhaa ya wakazi. 'Mimi, mwenye fleti, sina pingamizi na ujenzi.' Tarehe, jina, saini. Hakuna aliyewaibia. Mlikubali, mkalipwa, sasa mnakuja kulia hapa na soksi chafu?"

Burulcha aliisoma karatasi. Jina lilikuwa la mama mkwe wake. Tarehe ilikuwa ya Machi mwaka uliopita, miezi mitano baada ya Apa kusahau namna ya kuandika herufi ya kwanza ya jina lake. Saini ilikuwa na mkia mrefu uliopinda kulia. Mkia huo Burulcha aliujua. Alikuwa ameuona kwenye cheti chake cha ndoa.

"Tulilipwa nini?" aliuliza polepole.

Bwana Ernis alisoma pembeni ya karatasi. "Madirisha ya plastiki. Manne. Na kuwekewa."

Mume wa yule mwanamke alikohoa ili asicheke.

Burulcha alipiga magoti akamvisha mama mkwe viatu. Kamba ya kiatu cha kushoto ilimshinda kufunga, akaiacha inaning'inia. Aidai alikuwa amegeukia kompyuta yake iliyozimwa.

*

Madirisha yale Melis aliyaleta kama zawadi. Alisema ni malipo ya kazi za ziada. Burulcha alikuwa amewaonyesha wanawake wenzake wa karakanani picha zake kwenye simu.

Jioni alimsubiri akiwa amesimama jikoni, bila kupika. Melis alipoingia akaona meza tupu, akajua.

"Nani kakwambia?"

"Mkia wa saini yako umeniambia. Mbele ya watu wenye makoti ya manyoya. Miguu ya mama yako ikiwa mezani."

"Burulcha, nisikilize. Wangejenga tu. Walikuja watatu, wakasema wenzenu wote wameshasaini, msiposaini mtapata kivuli bila madirisha. Nikafikiri..."

"Ukafikiri! Ukauza jua la mama yako, wakakupa vioo vya kulitazamia lisipokuwepo!"

"Nilijua mimi kwamba mtu anaumwa kwa kukosa jua? Madaktari wenyewe hawakujua!"

"Hukujua kwamba jina lake si lako?"

Chini yao Klavdia Semyonovna, jirani wa ghorofa ya kwanza, aligonga bomba la joto kwa kijiko, tin tin tin, kama alivyozoea kufanya Apa akitembea usiku.

"Gonga!" Burulcha alipiga kelele akiitazama sakafu. "Gonga, Klavdia Semyonovna! Hapa kuna mwizi!"

Apa aliingia akivuta shali yake. Aliwatazama wote wawili. Kisha akamwendea Melis, akampangusa shavu, ijapokuwa halikuwa na kitu.

"Wanakuonea mwanangu?" alimuuliza. "Nani anakuonea?"

Melis alitoka nje bila koti. Alirudi baada ya saa mbili, masikio yamekuwa mekundu, akalala sebuleni.

*

Kesho yake Klavdia Semyonovna alipanda ngazi, jambo ambalo magoti yake hayakumruhusu kulifanya ovyo. Alikuwa Mrusi mzee, mwalimu mstaafu wa hisabati, na ndiye aliyekuwa anakusanya wakazi wa kwenda mahakamani kuishtaki kampuni.

"Nilisikia jana," alisema. "Sikusikiliza, nilisikia, kuta ni nyembamba. Binti yangu, kwenye orodha yao yumo marehemu mmoja aliyesaini akiwa kaburini. Lakini familia yake imehamia Urusi, hawajibu simu. Ninyi mpo. Melis akisema mbele ya mwendesha mashtaka kwamba saini ni yake, orodha yote inaanguka. Wanasimamisha kreni."

"Na yeye watamfunga."

"Watamtoza faini. Labda. Sijui." Alishika magoti yake. "Mimi maua yangu yote yamekufa."

Burulcha aliahidi kufikiri. Lakini alipokwenda kazini alasiri, Bwana Ernis alikuwa amesimama kwenye geti la uzio bila wateja na bila tabasamu, na akamwita "eje", yaani dada mkubwa, ingawa walikuwa rika moja.

"Eje, jana nilikuwa na hasira, unisamehe. Yule msichana wangu kanieleza habari za mama. Hata mimi nina mama. Mlete. Kiti cha dirishani ni chake, kila asubuhi, hadi masika. Na chai."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mumeo, naamini, hana kumbukumbu nzuri sana ya mambo ya Machi mwaka jana. Aendelee hivyo hivyo."

Burulcha alisimama kwenye baridi akiyageuza maneno hayo. Alitaka kumtemea mate. Alifikiria usiku mmoja, ule wa kimya. Alifikiria ukuta wa korido, nyusi ya Apa iliyoshonwa, mikono arobaini ya kushoto.

"Mama anapenda malai kwenye mkate," alisema.

"Yatakuwepo," Bwana Ernis alisema.

Burulcha alipokutana na Klavdia Semyonovna ngazini alimwambia kwamba Melis hakumbuki chochote. Mwalimu yule alimtazama kwa muda mrefu kama anayetazama hesabu ambayo mwanafunzi wake bora amekosea.

"Hata wewe," alisema, akaingia ndani kwake.

*

Mwezi mzima Apa alipata jua lake. Alilala. Alinenepa kidogo. Siku moja aliimba. Kila asubuhi Burulcha alimketisha kwenye kiti cha ngozi, na kila Bwana Ernis alipoingia, Burulcha aliinuka. Hakuna aliyemwambia ainuke. Miguu iliinuka yenyewe. Nyuma ya uzio jengo lilifika ghorofa ya kumi.

Kisha Alhamisi moja walikuta mlango wa kioo umefungwa. Aidai alikuwa ndani. Aliwaona. Alikuja hadi kwenye kioo, akatikisa kichwa, machozi yamemjaa, akaonyesha kwa kidole juu, kuelekea kwa wakubwa. Juu ya jengo kreni ilikuwa imetulia. Hapakuwa na kelele yoyote.

Melis alikuwa amesimama upande wa pili wa barabara, mikono mifukoni. Burulcha alivuka huku akimkokota Apa, honi zikiwapigia.

"Umefanya nini?"

"Nimekwenda jana kwa mwendesha mashtaka. Nimeandika kila kitu. Nimesaini. Kwa jina langu."

Alimpiga kifuani kwa ngumi, ngumi yenye glovu, mbele za watu. "Mwaka mzima ulinyamaza! Ulinyamaza jua lilipokuwa linaondoka, na sasa mama kalipata umefungua mdomo! Usiku wa leo nani atakesha? Wewe? Mwendesha mashtaka?"

"Nilipita hapa juzi," Melis alisema. Hakujikinga. "Nilikuona kwenye kioo. Yule mtu alisema kitu, ukasimama, ukacheka. Ulicheka kama ninavyocheka mimi mkuu wangu wa kazi akitania. Nikasema basi. Mmoja nyumbani kwetu anatosha."

Burulcha akageuka, akamfunga Apa shali kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Apa alikuwa anatetemeka kati yao. Melis akamshika mama yake upande wa pili, akamgeuza.

"Njoo. Nimepaona mahali."

*

Kreni ilisimama majuma matano. Magazeti mawili yaliandika. Melis alitozwa faini, na mkuu wake wa kazi alimpunguzia zamu. Wakubwa wa kampuni walileta karatasi nyingine, yenye mihuri zaidi, iliyosema kwamba kwa mujibu wa vipimo jengo la zamani linapata jua la kutosha ikiwa litahesabiwa kuanzia mwisho wa Machi. Klavdia Semyonovna alisimama mahakamani akauliza kama mtu anayeumwa Januari asubiri. Jaji alimwomba akae. Kreni ikaanza tena, na jengo likapanda hadi ghorofa ya kumi na mbili. Bwana Ernis alihamishiwa mradi mwingine, wenye ofisi kubwa zaidi.

Mahali alipopaona Melis palikuwa kituo cha basi, upande wa pili wa barabara, mbali na vivuli vyote. Kilikuwa na benchi la chuma na paa fupi, na kilitazama mashariki. Kila asubuhi isiyo na mawingu walikaa hapo kwa muda wa saa moja na nusu, Apa katikati, juu ya mto wa sofa, blanketi magotini, chupa ya chai kwenye mfuko. Melis alikuja siku asizokuwa na zamu, na hizo zilikuwa nyingi. Jioni saa mbili alimpa mama yake kidonge kwa mkono wake mwenyewe. Apa hakulala kama wakati wa kiti cha ngozi. Siku za mawingu alikesha, na waliokesha naye walikuwa wawili, kwa zamu, na zamu zilifuatwa. Burulcha hakumsamehe mumewe, wala hakumwomba msamaha. Walizungumza juu ya chai, na glovu, na nani atakwenda kununua mkate.

Asubuhi moja ya Februari, baridi kali, basi refu lilisimama mbele yao likafungua milango yote mitatu.

"Mnapanda?" dereva aliuliza.

"Hatupandi," Melis alisema.

"Juzi nimewaona, jana nimewaona. Namba yenu haiji au? Mnamgandisha bibi wa watu bure. Hiki ni kituo, siyo bustani."

Abiria walianza kutazama. Mmoja alisema kitu, wengine wakacheka. Melis aliinamisha kichwa, akaanza kutafuta maneno ya kujieleza, ugonjwa, daktari, jengo. Burulcha aliinuka. Safari hii aliinuka kwa kutaka mwenyewe. Alikwenda hadi kwenye mlango wa mbele, akapiga bati la basi kwa kiganja mara mbili, kwa nguvu, mpaka watu waliokuwa wanacheka wakaacha.

"Sogeza gari lako!" alisema. "Unamzibia mama jua!"

Dereva alimtazama. Akamtazama mwanamke mzee kwenye kivuli cha basi lake, ameinua uso na kungoja. Akafunga milango, akaondoka bila kupiga honi.

Jua likamrudia Zuurakan usoni. Ilikuwa saa tatu na dakika kumi asubuhi, na alikuwa macho.